Uzi: Siku niliyompa Margaret wa chumba 16 vidonge vya Margaret wa chumba 6 (kwa wahudumu wa wazee na yeyote anayegawa dawa)

Toroli_la_Asubuhi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kwenye ule mjadala wa viza za uhudumu niliahidi kuandika kuhusu dawa. Leo nipo mapumziko, chai ipo mezani, naandika.

Mimi ni mhudumu wa wazee hapa England, mwaka wa tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza vitenge Kariakoo, na dawa nilizozijua ni Panadol na Mseto ya malaria basi. Sasa hivi nashika funguo za chumba cha dawa cha nyumba yenye wazee 34.

Wanaofika wapya huwa wanashangaa kukuta nyumba yetu haina nesi. Huku nyumba za wazee ni za aina mbili. Zipo zenye manesi saa 24, na zipo kama yetu, ambako wahudumu waliofunzwa na kupimwa ndio wanaogawa dawa, na nesi wa mtaa anapita kwa ajili ya sindano na vidonda. Kwa hiyo usidhani ukija huku utakuwa wa kuogesha na kutandika vitanda tu. Siku moja maneja atakuita, utaenda kozi, utasimamiwa raundi kadhaa za kugawa dawa, halafu funguo ni zako.

Kila mzee ana karatasi yake ya dawa. Ina jina, picha, mzio, dawa, dozi, saa, na visanduku vya kusaini. Nyumba nyingine wamehamia kwenye tableti, lakini mantiki ni ile ile. Kozini tunakaririshwa mambo sita: mtu sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, saa sahihi, na la sita ambalo wengi wanalisahau, haki ya mzee kukataa. Yote sita nilikuwa nayaimba kama meza ya hesabu. Hayakunisaidia kitu siku ile.

Tuna akina Margaret wawili. Wote mvi nyeupe, wote miwani, na picha zao zilipigwa miaka mitano nyuma. Asubuhi ile nimeshatoa vidonge vya Margaret wa 6 kwenye blista, vipo kwenye kikombe. Simu ya ofisini ikalia. Binti wa mzee mwingine anauliza baba ameamkaje. Dakika mbili. Naweka simu, kengele ya chumba 11 inalia, nakimbia. Narudi kwenye toroli la dawa, nakuta Margaret wa 16 amejisogeza mwenyewe na kigari chake cha kutembelea, amesimama mbele yangu anatabasamu, kiganja wazi.

"Margaret?" nikamuuliza.

"Ndiyo mpenzi," akajibu.

Nikampa.

Wakuu, hilo swali langu lilikuwa bure kabisa. Mzee mwenye adabu zake, mwenye usikivu hafifu, ukimtajia jina lolote kwa sauti nzuri atakuitikia ndiyo. Ilitakiwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha nimwangalie usoni na nimwangalie kwenye karatasi.

Nilichompa: amlodipini ya presha, metformini ya sukari, na kimoja cha kolesteroli. Margaret wa 16 hana presha ya kupanda. Yake inashuka, akisimama haraka anaona giza. Niligundua nilipotaka kusaini, maana ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na sura nyingine.

Sasa kilichonipitia kichwani ndicho kimenifanya nianzishe huu uzi. Sikuwaza presha ya bibi. Niliwaza viza. Sponsa, yaani mwajiri aliyekudhamini viza, akikutema una siku 60 za kutafuta mwingine, na mimi nina ada za watoto wawili na mkopo wa nauli. Nikasimama pale labda nusu dakika. Hakuna aliyeona. Ningetoa vidonge vingine vya Margaret wa 6, nikasaini visanduku vyote, siku ikaendelea.

Nikamwambia kiongozi wa zamu. Tukapiga 111, namba ya ushauri wa afya kwa simu, kwa kuwa kliniki ilikuwa haijafungua. Wakauliza uzito, presha, sukari, dawa zake za kawaida, vidonge vyenyewe na saa. Wakasema asiachwe peke yake, apumzike, anywe maji, apimwe presha kila saa, na tukiona moja mbili tatu tuite gari la wagonjwa. Kumbe amlodipini haina haraka. Kilele chake ni kati ya saa 6 na 12 tangu kumeza. Asubuhi yote bibi yupo freshi anatutania. Saa tisa alasiri presha ya juu ikasoma 92. Kwa kuwa tulikuwa tunajua, ilimkuta kitandani, miguu juu, mimi pembeni. Saa tisa ndiyo saa yake ya kwenda bafuni peke yake, kila siku.

Familia walipigiwa siku ile ile. Mwanawe alinyamaza sana kwenye simu, halafu akauliza kama mama amekula. Mimi nilitolewa kwenye toroli wiki mbili, nikafunzwa upya, nikasimamiwa raundi tatu, nikarudi. Viza ipo.

Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa nyumba 55 za wazee hapa Uingereza. Wazee 256, kila mmoja kwa wastani anatumia dawa 8, na 7 kati ya 10 walikutwa na kosa angalau moja la dawa. Mengi hayakuwa ya kuua. Lakini mkisoma sababu walizozitaja mtacheka kwa uchungu: kazi nyingi, mafunzo haba, na mtu wa toroli kukatizwa katikati. Yaani simu yangu na kengele ya chumba 11.

Maswali karibuni.

Ndizi_Mzuzu

Nipo siti ya mbele. Ila mkuu kwa hiyo mnalipwa kuwasimamia wazungu wameze vidonge? 😂

Toroli_la_Asubuhi

Ndiyo, tunalipwa kwa hilo. Na ukisaini kabla hajameza, umeongopa kwenye karatasi ya kisheria. Nimeshakuta vidonge chini ya mto, kwenye soksi, kwenye kikombe cha meno bandia. Mzee anakiweka shavuni, anakuambia asante, ukigeuka anakitema. Siku hizi nasimama, namsubiri anywe maji, tunaongea kidogo. Akiongea vizuri mdomo mtupu. Ndipo nasaini.

Na kinyume chake ni kisanduku kitupu. Umempa, ukaitwa, hukusaini. Anayekuja baada yako ataamua nini? Akidhani hajapewa, anampa mara ya pili. Akidhani amepewa, anamruka, kumbe kweli hakupewa. Siogopi kosa lililoandikwa kama ninavyoogopa kisanduku kitupu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Dada hongera kwa ujasiri. Ila naomba niseme kwa niaba ya sisi tuliobaki nyumbani. Nipo wodi ya hospitali ya wilaya. Usiku naweza kuwa peke yangu na wagonjwa 38. Nasikia huko mnavaa fulana zimeandikwa msinisumbue wakati wa dawa. Nikiivaa mimi, nani ataitika mama akianza kutoka damu?

Mengine ya huko hayatuhusu. Ila yapo tuliyoyafanya bila hela. La kwanza, ampuli za potasiamu kloridi tulizitoa kwenye droo moja na za maji ya kuchanganyia dawa. Zilikuwa zinafanana kama mapacha. Potasiamu ile isipochanganywa kwenye dripu, ukiisukuma moja kwa moja mshipani moyo unasimama. Sasa ipo kabati lake, limefungwa.

La pili, insulini. Kwenye faili iliandikwa 6 na herufi U imegandana nayo. Aliyefuata akasoma 60. Ilikamatwa na mwanafunzi wa uuguzi aliyeuliza kwa woga, "Sista, mbona nyingi?" Tangu siku hiyo wodini kwetu ni lazima kuandika neno zima, yuniti. Na yule binti nilimnunulia soda.

La tatu ni bahasha za dawa. Tunaandika 1x3 tukidhani dunia nzima inajua. Nimekutana na baba aliyemeza vitatu kwa mpigo asubuhi, akasema "si mmeandika moja mara tatu?" Kwa Mseto ndiyo kabisa, dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake asubuhi, halafu ndiyo inakwenda kila saa 12. Siku hizi simwachi mtu aondoke dirishani. Namwambia, haya, sasa nieleze wewe utameza vipi.

Toroli_la_Asubuhi

Nesi, umenifunga mdomo kuhusu fulana. Sisi tunayo na bado wanatusumbua. Kilichosaidia kwetu ni kwamba wakati wa raundi mtu mwingine anabaki na simu na kengele. Wewe huna mtu mwingine, sasa sijui nikuambie nini.

Mlinzi_wa_Geti

Mwanzisha uzi usiwadanganye watu. Wewe ulipata maneja mwenye utu. Mimi niliripoti kosa langu, nilimpa mzee dozi ya jioni mara mbili, hakudhurika. Nikaandikiwa barua, wiki ya pili nikawa sina zamu, mwezi wa pili sina sponsa. Aliyekuwa anaficha ya kwake mpaka leo yupo kazini, amepanda cheo.

Toroli_la_Asubuhi

Kaka pole sana. Siwezi kukubishia, nimeyaona pia. Nyumba zinazofukuza mtu kwa kuripoti zinajitengenezea wafichaji, halafu mkaguzi akija wanashangaa karatasi zote safi.

Ninachoweza kusema ni hiki. Ukiripoti, andika maelezo yako mwenyewe, tarehe na saa, baki na nakala. Jiunge na chama cha wafanyakazi kabla hujapata tatizo, siyo baada. Na CQC, wale wakaguzi wa England, wanapokea taarifa za wafanyakazi. Je hayo yangekuokoa? Sijui. Lakini mimi nikirudi ile asubuhi nawaza tu saa tisa alasiri, bibi amesimama bafuni presha 92, na mimi pekee ndiye ninayejua kwa nini ameanguka.

Famasi_Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mfamasia. Niongeze dawa ambazo saa au siku yake ndiyo kila kitu, maana watu hufikiri "saa sahihi" ni maneno ya darasani.

Levodopa ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa: ikichelewa hata nusu saa kuna mgonjwa atakayeganda kama gogo, hawezi kugeuka wala kumeza. Ya tezi, levothairoksini, ni tumbo tupu, angalau nusu saa kabla ya chai. Alendroniki asidi ya mifupa ni mara moja kwa wiki, glasi nzima ya maji, na mgonjwa akae wima nusu saa, asilale, la sivyo inamchoma koo la chakula.

Lakini ile inayoninyima usingizi ni methotreksati. Kwa baridi yabisi hutolewa mara MOJA kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku inashambulia uboho, kinga inaanguka, na watu wamekufa kwa hilo nchi nyingi. Mimi siandiki "kila wiki" peke yake. Naandika JUMATATU, herufi kubwa, na namuuliza mgonjwa Jumatatu yake ni lini.

Na parasetamoli. Ina majina kumi dukani. Mtu anakunywa vidonge vya mafua, vya mgongo, na vya homa, vyote ni parasetamoli. Mtu mzima asizidi gramu 4 kwa saa 24, na aliye mwembamba chini ya kilo 50 apunguziwe.

Dallas_Usiku

Huku Marekani, kwenye majimbo mengi kazi ya kugawa dawa ina cheti chake pembeni. Swali langu kwa mwanzisha uzi: plasta za fentanili, zile za maumivu makali zinazobandikwa mwilini, mnazifanyaje? Huku tunaambiwa ikitolewa ikunjwe gundi kwa gundi, itupwe chooni na kuflashiwa, kwa sababu hata iliyotumika siku tatu bado ina dawa ya kuua mtoto.

Toroli_la_Asubuhi

Kukunja ni vile vile, ila chooni hatutupi. Zetu zinafuata utaratibu wa famasi. Hatari kubwa kwetu ni kusahau ya zamani mgongoni ukabandika mpya. Tuna mchoro wa mwili, unaweka alama ulipobandika, na kila siku mtu anaangalia kama bado ipo. Chupa ya maji ya moto usiweke karibu nayo, joto linaifanya dawa iingie kwa kasi.

Ndizi_Mzuzu

Nimeacha utani. Nasikia huko morfini inasainiwa na watu wawili, kwa nini? Hawaaminiani?

Toroli_la_Asubuhi

Ndiyo, na ni sawa. Kabati la chuma limefungwa ukutani, kitabu cha peke yake, salio linaandikwa kila mara. Mmoja anatoa, mwingine anashuhudia mpaka inamezwa. Kikikosekana kidonge kimoja hakuna anayekwenda nyumbani.

Kulikuwa na daktari hapa, Harold Shipman, wa mji wa Hyde karibu na Manchester. Alipendwa sana na wazee wake. Tarehe 31 Januari 2000 alikutwa na hatia ya kuwaua wagonjwa 15 kwa diamofini, dawa kali ya maumivu jamii ya morfini, na tume ya Jaji Janet Smith baadaye ikahesabu waliouawa kuwa 215. Baada ya hapo sheria za dawa hizi zilikazwa. Kwa hiyo akikuambia mtu "si unaniamini, saini tu," mwambie nakuamini na nionyeshe kidonge.

Binti_wa_Unguja

Shikamooni. Bibi yangu amesahau mambo sasa, dawa anatema. Tunamtilia kwenye asali bila kumwambia. Ni kosa?

Toroli_la_Asubuhi

Marahaba mdogo wangu. Huku nikifanya hivyo kwa uamuzi wangu ni kosa kubwa. Kama mzee bado anaelewa, akikataa amekataa, naandika amekataa, namwita daktari. Kama haelewi tena, kuna sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kuamua. Daktari, familia, mfamasia na sisi tunakaa, tunakubaliana dawa ipi kweli ni ya lazima, na inaandikwa. Mara nyingi kikao kinaishia kufuta nusu ya dawa, maana zilikuwa zinaendelea kwa mazoea tu.

Nyumbani hamna kikao, lakini bibi ana daktari. Mwulizeni mambo mawili: ipi anaihitaji kweli, na ipo ya maji? Na kwanza mwangalieni mdomo. Wa kwetu mmoja alikuwa anatema kwa sababu ya kidonda kwenye fizi, miezi miwili sisi tunaandika "amekataa".

Korogwe_Mwana

Mimi mama alipata kiharusi. Kumeza shida. Dawa zote nasaga kwenye kinu kidogo natia kwenye uji. Ni za presha na ya kupunguza damu kuganda. Kuna tatizo? Naona siku nyingine baada ya uji anakuwa mlegevu, jasho, naambiwa ni kiharusi.

Famasi_Pwani

Ndugu yangu, tafadhali angalia pakiti ya hiyo ya presha sasa hivi. Kando ya jina kuna herufi zozote? SR, MR, XL, CR, au neno retard?

Korogwe_Mwana

Ngoja mkuu, zipo chumbani kwake.

Toroli_la_Asubuhi

Wakati tunamsubiri, wengine mjue: vidonge hivyo vimetengenezwa viachie dawa kidogo kidogo kwa saa 12 au 24. Ukisaga umeifungulia yote kwa mara moja. Vyenye EC navyo ganda lake ni la kulinda tumbo, ukilivunja hulindi kitu.

Korogwe_Mwana

Imeandikwa Nifedipine Retard 20. Nasaga tangu mwezi wa tatu.

Famasi_Pwani

Ndiyo hiyo. Ikisagwa, dozi ya nusu siku inaingia kwa pamoja na presha inaporomoka. Huo ulegevu baada ya uji huenda ni huo, na kwa mtu wa kiharusi si jambo dogo. Sikiliza. Usimsagie tena hiyo. Usizikatishe zile nyingine kwa kuamua mwenyewe. Mpime presha leo kabla hajala, na asubuhi mbebe na pakiti zote, hata zilizoisha, umwambie daktari neno kwa neno: nilikuwa nasaga. Kuna za presha zinazofaa kusagwa, atakubadilishia. Na uombe mtaalamu amtazame mama anavyomeza, uji mwepesi nao unaweza kuingia mapafuni. Akilegea tena usiku huu msisubiri asubuhi.

Korogwe_Mwana

Nimepima kwa mashine ya jirani. 104 kwa 61. Amelala, anaongea. Wakuu mimi ndiye niliyekuwa namfanyia mama hivi?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, aliyekupa dawa bila kukuuliza mama anamezaje ndiye wa kwanza. Tungekuwa sisi dirishani, labda nasi tungekuandikia 1x2 tukaita mwingine. Kaa naye. Mpime tena saa nne usiku, utuambie.

Korogwe_Mwana

Saa nne: 112 kwa 66. Ameomba maji. Kesho tunaondoka na gari la saa kumi na mbili.

Toroli_la_Asubuhi

Nenda salama. Mimi naingia zamu asubuhi, simu inabaki kabatini mpaka raundi iishe, nitasoma saa tano. Weka hapa walichokubadilishia.